Tahadhari: Hakuna

Mimi si msomaji, na nalisema hili mapema ili mtu asije akanitafutia maneno. Miaka kumi na tisa ya uuguzi imenifundisha kusoma vitu vitatu: kipimajoto, chati ya dawa, na uso wa mgonjwa anayesema hajambo. Vitabu niliwaachia wenye nafasi. Kwa hiyo Mama Tahadhari alipoanza kupita wodini kwetu na toroli lake la vitabu, nilimwona kama mtu aliyetumwa kunizibia njia.

Jina hilo tulimpa sisi wa wodi ya upasuaji ya wanawake. Zamani alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali, mpaka mgongo ulipogoma. Wakampa kijichumba kilichokuwa stoo ya mashuka, wakamwambia atunze maktaba ya wagonjwa. Maktaba yenyewe ilikuwa makasha ya vitabu vya msaada yaliyorundikwa hadi dirishani. Mtu mwingine angevipanga, akakaa kusubiri kustaafu. Yeye akaanza kuvisoma kimoja kimoja, na hakuna kitabu kilichopanda toroli kabla hajakimaliza.

Kila kitabu alikibandikia kadi ndani ya jalada. Juu maoni yake, chini tahadhari. Na maoni yake hayakuwa na adabu. Nakumbuka moja: "Mapenzi. Mwanamume ana sura nzuri, kichwani hamna kitu. Sisi tumeshajua, mwandishi bado. Tahadhari: mama mkwe anafariki ukurasa wa 88. Hutamlilia." Nyingine: "Upelelezi. Mwuaji utamjua mapema, ila endelea kwa ajili ya yule mbwa. Tahadhari: sindano nyingi." Na ile iliyonichekesha peke yangu kwenye korido: "Maisha ya mpishi. Kila ukurasa wanakula. Tahadhari: mlioambiwa msitie kitu kinywani kabla ya upasuaji, msikiguse."

Tahadhari hizo zilianza na ajali. Mgonjwa mmoja aliyetoka kushonwa tumbo alipewa kitabu cha vichekesho, akacheka mpaka nyuzi mbili zikaachia. Tangu siku hiyo kila kitabu cha kuchekesha kiliandikwa: "Mwenye nyuzi asubiri zitolewe." Wagonjwa wakaziamini kadi zile kuliko walivyotuamini sisi. Niliona wivu, kwa nini nifiche? Mtu ananiuliza kama sindano itauma, namwambia haiumi, hanisadiki. Kadi ikimwambia kwamba mtoto anapotea ukurasa wa 40 na anapatikana ukurasa wa 63, analala usingizi wa pono.

Sasa Mama Mkaguzi. Huyu alikuwa kitanda cha kumi na moja, kando ya dirisha. Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa mizani sokoni, kazi ya kuzunguka na sanduku la mawe ya shaba, kuweka jiwe kwenye sahani ya kila muuzaji na kuangalia mshale. Mizani ikisema kweli, anaipiga muhuri. Ikidanganya, anaondoka nayo, na mwenye mizani alie atakavyo. Alikuwa na mwili mdogo na macho ya kuchoma, na hata baada ya kustaafu aliangalia vijiko vyetu vya dawa kana kwamba tunampunja.

Alikuwa na uvimbe kwenye figo ya kushoto, na figo ilitakiwa itoke. Mara ya kwanza alitia sahihi, asubuhi tukamsukuma hadi mlango wa chumba cha upasuaji, na hapo mlangoni akashuka machelani na lile gauni la mgongo wazi, akarudi wodini kwa miguu. Mara ya pili vilevile. Nilimfokea mara zote mbili. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Alinitazama tu. Daktari mpasuaji alituambia ofisini kwetu, mlango umefungwa, kwamba mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Uvimbe unakua, nafasi nyingine haipatikani karibuni, na akikimbia tena atarudi nyumbani kufa.

Siku moja kabla ya hiyo mara ya tatu, asubuhi, alitia sahihi fomu, nami nikatia yangu pale chini, penye shahidi. Kisha akaanza kutembea, dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, mikono nyuma, kama yuko zamu. Vitabu vyote vya toroli alikuwa ameshavimaliza. Presha yake ilikuwa juu, na wagonjwa wenzake walishaanza kizunguzungu cha kumtazama. Mama Tahadhari alipopita nikamshika mkono.

"Dada, mtafutie huyu chochote kitakachomkalisha. Chochote."

Niliomba mimi. Hilo nalo lijulikane.

Akamletea kitabu kipya kutoka kasha lililofika wiki ile. Kilikuwa kisa cha fundi anayemjengea mkewe nyumba, chumba baada ya chumba, huku majirani wakimcheka. Kadi ilisema: "Nimekipenda. Hakina haraka, nawe usiwe nayo. Fundi huyu ni mtu. Tahadhari: hakuna." Mama Mkaguzi aliisoma kadi mara mbili, akapanda kitandani, akatoa rula yake ya mbao, akaiweka chini ya mstari wa kwanza. Ndivyo alivyosoma siku zote, kwa rula. Kufika saa sita presha yake ilikuwa imeshuka, naye anatabasamu peke yake. Nikasema moyoni, mambo si hayo!

Saa nane kasoro dakika kumi, simu ya wodi ikalia. Mama Tahadhari siku ile alikuwa na ruhusa ya nusu siku na nilijua yuko kwake.

"Sista, kumi na moja unamwona hapo ulipo?"

"Namwona."

"Amefika ukurasa wa ngapi?"

"Dada, nina wagonjwa ishirini na sita. Leo nihesabu na kurasa?"

"Mnyang'anye kile kitabu. Sasa hivi. Mimi nakuja."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta kiatu cha pili huku anaongea. Nikamwambia avute pumzi aniambie kuna nini. Kumbe kasha lilikuwa na nakala mbili za kitabu kile. Yeye alikuwa amefika ukurasa wa 210 tu. Ametekwa na yule fundi, nyumba imeshaezekwa, watu wamefurahi, akaona kilichobaki ni kidogo. Mimi nilipomsihi, akaandika kadi, akabandika, na nakala ya pili akaenda nayo nyumbani kumalizia. Maharage yake yalikuwa yanaungua jikoni wakati ananieleza.

"Ukurasa wa 241, sista. Mke anaumwa. Wanampeleka chumba cha upasuaji, mlangoni anawatania wauguzi. Anaingia. Hatoki."

"Hatoki vipi?"

"Hatoki! Anafia ndani!"

Nikaweka simu chini, nikatembea mpaka kumi na moja nikijitahidi nisikimbie, maana muuguzi akikimbia wodi nzima inaamka. Nikachungulia. Rula ilikuwa juu ya ukurasa wa 197. Mama Tahadhari alikaa mbali, mwendo wa saa nzima kama njia haina msongamano, na bibi huyu kwa rula yake alikuwa anakula ukurasa kila dakika moja na nusu. Hesabu hiyo hata mimi niliiweza. Wangefika pamoja, mmoja mlangoni na mwingine ukurasa wa 241.

"Mama, weka kitabu pembeni nikupime presha."

Akaninyooshea mkono wa kushoto. Kitabu kikabaki kwenye mkono wa kulia, na macho hayakutoka. Presha ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Nikaondoka, nikawapa dawa watu wawili, nikarudi. "Mama, twende ukaoge sasa. Kesho alfajiri hapatakuwa na nafasi."

"Wazo zuri," akasema. Nikafurahi. Akashuka, akachukua sabuni, akachukua taulo, akakifunga kitabu ndani ya taulo na kwenda nacho bafuni. Nilisimama nje ya mlango wa bafu nikisikiliza. Maji hayakumwagika kwa muda mrefu. Alipotoka, rula ilikuwa imefika 218.

Hapo nikafanya upumbavu. Nimefikiri sana tangu siku ile kwa nini sikumwambia tu, "Mama, kitabu hicho kina jambo litakalokuumiza, nipe." Jibu ni kwamba sikuzoea. Kazini kwetu tunazoea kusema haiumi. Nikamwendea nimevaa tabasamu langu la kazi.

"Mama, nakiomba hicho kitabu. Kasha zima limegundulika lina wadudu. Vyote vinakwenda kupulizwa dawa."

Akainua uso. "Wadudu gani?"

"Wale wa karatasi."

"Nioneshe mmoja."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia ukutani. Nikachukua kitabu mkononi mwake, nikakifunua hapa na pale kama natafuta mdudu, na kwa hofu yangu kidole kikaenda moja kwa moja penye zile kurasa za mbele, nikazibana zisifunguke. Yeye hakuangalia uso wangu. Aliangalia kidole.

"Sista," akasema taratibu, "mimi nimekaa sokoni miaka thelathini na mmoja. Muuzaji mwenye kitu chini ya sahani ya mizani, mkono wake unakaa juu ya sahani. Nipe kitabu changu."

"Mama, tafadhali."

"Nipe."

Nikampa. Ningefanya nini? Ningepigana na mgonjwa? Akafungua pale palipokuwa na joto la kidole changu, akasimama dirishani penye mwanga, akaweka rula. Nikamwona akisoma mstari, akishusha, mstari, akishusha. Ukurasa ule aliusoma hadi mwisho. Akafunua wa pili, akausoma nao. Hakulia. Kisha akarudi mwanzo wa kitabu, kwenye kadi, akasoma kwa sauti, maneno mawili tu.

"Tahadhari: hakuna."

Akaanza kukunja kanga yake na kuiweka kwenye mfuko. Akatoa kandambili chini ya kitanda. Wodi nzima ilikuwa inatazama, hata kitanda cha tatu anayekoroma mchana kutwa alikuwa amekaa. Nikamwambia, mama, ni hadithi tu, mtu ametunga mezani kwake. Nikamwambia daktari wetu ni mzuri. Nikamwambia kesho saa hizi tutakuwa tunacheka. Kila nililosema lilimwongezea kasi ya kukunja.

Mama Tahadhari alipotokea koridoni nilimwahi kabla hajaingia. Alikuwa na kitambaa cha jikoni bado kimefungwa kiunoni, na moshi wa maharage umemganda. Nikamvuta nyuma ya mlango.

"Ameshasoma. Anaondoka. Sikiliza: sema kadi zilichanganyika. Sema hiyo ilikuwa ya kitabu kingine, imebandikwa kwa bahati mbaya. Atakuelewa, kosa la gundi si dhambi."

Akanitazama. Nadhani alilifikiria, maana alichungulia kwanza kitanda cha kumi na moja. Ulikuwa uongo mzuri, wa kuokoa mtu. Kisha akanipita akaenda kumi na moja, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mama Mkaguzi, sikukisoma chote."

Yule bibi akaacha kukunja.

"Niliishia ukurasa wa 210," Mama Tahadhari akaendelea. "Niliandika hakuna, na nilikuwa sijui kama hakuna. Leo mchana ndiyo nimeona."

"Ulipiga muhuri mizani ambayo hukuipima."

"Nilipiga."

"Kwa nini?"

"Niliona unahangaika. Nilitaka utulie ufike kesho."

Nilitamani ardhi ipasuke, maana aliyemsukuma alikuwa mimi, na hakunitaja. Nikasema, "Nilimwomba mimi, mama." Mama Mkaguzi akaketi kitandani. Nilitarajia atatukana, na kweli ningeona nafuu.

"Lete ile fomu niliyotia sahihi asubuhi," akaniambia.

Nikaileta. Akaigeuza, akaweka kidole penye jina langu. "Hapa pameandikwa kwamba wewe umeshuhudia mimi nimeelezwa yote nikayaelewa. Nani alinieleza?"

"Daktari."

"Daktari alisimama hapo akasema, usiogope mama, ni kitu kidogo. Wewe ulikuwepo. Kisha ukanipa kalamu." Akanisogezea karatasi. "Hii fomu, wewe umeshawahi kuisoma yote?"

Miaka kumi na tisa. Nimewapa watu fomu ile, sijui ni mara elfu ngapi. Najua mahali pa sahihi hata nikiwa nimefumba macho.

"Hapana," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mnajua kwa nini nilikimbia? Mlikuwa mnanichekea. Mara zote mbili, tangu hapa hadi mlangoni, kila mtu ananichekea. Sokoni anayemchekea mkaguzi ana kitu anaficha. Nikasema, hawa wanajua uzito na hawataki kuniambia. Sasa niitieni huyo daktari. Na wewe," akamgeukia Mama Tahadhari, "lete kadi mpya na kalamu."

Daktari alikuja saa kumi na nusu, ametoka kupasua watu wawili, viatu vyake vya mpira vinalia sakafuni. Alishaambiwa na mtu kwamba bibi anakimbia tena, na uso wake ulikuwa umefungwa.

"Mama, si tulishaongea?"

"Uliongea," akasema Mama Mkaguzi. "Ulisema ni kitu kidogo. Nataka uzito wake."

Daktari akanigeukia mimi. "Sista, nini hiki?"

Kabla ya siku ile ningeomba radhi kwa niaba ya mgonjwa. "Anauliza, daktari," nikasema. "Na mimi nataka kusikia, maana nimetia sahihi." Akanikata jicho. Nikamwacha anikate.

Mama Mkaguzi akamwuliza kama anavyouliza muuzaji. Wagonjwa mia kama yeye, wa umri wake, wenye presha yake, wakiingia mlango ule, wangapi hawatoki? Daktari akaanza kusema kila mtu yuko tofauti. Bibi akangoja. Daktari akaanza kusema tuna vifaa vizuri. Bibi akangoja. Mwisho daktari akaegemea chuma cha kitanda, na nikaona kwamba naye alikuwa amechoka tu, si mtu mbaya.

"Watatu," akasema. "Labda wanne."

"Tusipunje."

"Wanne."

"Andika," bibi akamwambia Mama Tahadhari, naye akaandika. "Na wanaotoka, wangapi wanatoka na matatizo?"

"Kumi hivi. Kuvuja damu, kidonda kuchelewa kupona. Wachache, figo iliyobaki inachoka."

"Andika. Na nisipoingia?"

Daktari alitazama sakafu. "Mwaka mmoja. Ukijaliwa, na nusu. Lakini miezi ya mwisho itakuwa ya maumivu."

"Wangapi kwa mia?"

"Wote, mama."

Kalamu ya Mama Tahadhari ilisimama, kisha ikaandika. Bibi akachukua kadi, akaweka rula chini ya kila mstari kama kawaida yake. Daktari akawa anaangalia saa na hakuthubutu kuondoka. Kama bibi angesema sitaki, hapo hakukuwa na mtu wa kumfokea, maana sasa alikuwa anajua kila tulichojua sisi.

"Mizani yenye kosa la nne kwa mia," akasema, "ningeiondoa sokoni siku hiyohiyo." Kitanda cha tatu akacheka, akaziba mdomo. "Lakini ile nyingine ni mbovu yote." Akamtazama daktari. "Hili ungeniambia mara ya kwanza, figo yako ungekuwa umeshaipata."

Kisha akanitaka nimsomee fomu. Yote. Nikakaa kwenye kiti cha wageni nikasoma kwa sauti, kurasa mbili za herufi ndogo, dakika kumi na moja. Nilijikwaa kwenye maneno ambayo yamepita mikononi mwangu miaka yote hiyo. Mahali fulani karibu na mwisho pameandikwa kwamba mgonjwa ana haki ya kubadili nia wakati wowote kabla ya kupewa dawa ya usingizi, bila kulaumiwa. Nikaacha kusoma.

"Kumbe nilikimbia kihalali," akasema.

"Kihalali kabisa, mama. Nisamehe nilivyokufokea."

Akachana fomu ya asubuhi, akatia sahihi fomu mpya, nami nikatia yangu.

Asubuhi yake, saa mbili kasoro robo, tulimsukuma. Mimi siku hiyo sikuwa na zamu lakini nilikuja. Mama Tahadhari alitembea upande wa kulia ameshika ukingo wa machela. Hakuna aliyecheka wala kutabasamu, tulikuwa kama watu waendao mahakamani. Tulipofika penye ule mlango, bibi akainua mkono.

"Simameni."

Tukasimama. Akakaa. Miguu yake miwili ikaning'inia pembeni ya machela, nyayo zikitafuta sakafu, kama mara ya kwanza, kama mara ya pili. Mama Tahadhari akafumba macho. Mimi nikajilazimisha kutosema neno. Ilikuwa haki yake, nilikuwa nimemsomea mwenyewe.

"Wangapi?" akaniuliza.

"Wanne, mama. Na kumi wenye matatizo."

Akashika ukingo wa machela kwa mikono miwili. "Naogopa," akasema.

"Najua, mama. Hata mimi."

Akarudisha miguu juu, mmoja, halafu mwingine, akalala. "Haya, sukumeni."

Walisema saa tatu za kazi. Tulikaa kwenye benchi la korido, na kwa kuwa Mama Tahadhari hakuwa amevuka ukurasa wa 241, akafungua kitabu kile kile akaanza kunisomea kilichobaki. Nilimwambia mimi si msomaji. Akasema ndiyo maana anasoma yeye. Basi nikasikiliza jinsi fundi, baada ya mazishi, alivyorudi kumalizia chumba cha mwisho cha mkewe, akakipaka rangi aliyoichagua marehemu, ingawa yeye fundi hakuipenda rangi ile hata kidogo. Tulipofika mwisho alifunga kitabu, akafuta miwani.

"Hizi za mwisho ndizo bora," akasema. "Niliandika nimekipenda, na nilikuwa sijafika penyewe."

Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Mara mbili muuguzi wa ndani alitoka mbio, akarudi na mifuko ya damu, na hakututazama. Mimi najua maana ya muuguzi kutotazama watu. Sikumwambia mwenzangu. Halafu nikakumbuka tulikotoka, nikamwambia. "Dada, kuna jambo haliendi sawa humo ndani." Akanishika mkono, akaubana mpaka pete ikaniumiza.

Saa saba na robo mlango ukafunguliwa, daktari akatoka. Habari njema madaktari huzitoa wamesimama, tena wakitembea. Huyu alikuja akakaa benchini katikati yetu, kofia mkononi, shingo imelowa jasho.

"Mshipa ulipasuka," akasema. "Damu ilitoka nyingi sana. Kuna wakati nilijua tumempoteza." Akapangusa uso kwa kofia. "Yu hai. Amefumbua macho sasa hivi."

Mama Tahadhari akaangua kilio cha sauti, mlinzi akatoka chumbani kwake kuangalia nani amefiwa. Mimi nililia pia. Daktari alibaki amekaa, anatazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtu aliyekuwa na hofu.

"Nilikuwa nafikiri humo ndani," akasema, "kwamba kama angejua itakuwa hivi, asingekubali kuingia."

"Alijua, daktari," Mama Tahadhari akamjibu huku anajifuta kwa pindo la kanga yake. "Wewe ndiye uliyemwambia."